UZI: Ankara za barua pepe na za karatasi kwa biashara ndogo za vijijini, kinachokwama ni nini hasa?

#1 MwenyeLeja

Wakuu, mjadala wa ankara za karatasi na za barua pepe mara nyingi huishia kwenye ushabiki. Huyu anasema karatasi imepitwa na wakati, yule anasema barua pepe haiaminiki. Kwa biashara ya watu wawili au watatu iliyo mbali na mji, njia zote mbili zina kero, na kila kero ina chanzo kinachojulikana. Naomba tuzichambue kwa vitendo.

Naanza na inayouma kuliko zote: siku za kulipa. Wasambazaji wengi huandika "lipa ndani ya siku 30" na kuzihesabu tangu tarehe iliyoandikwa juu ya ankara. Siku uliyoipokea haihesabiwi. Ankara ya karatasi yenye tarehe 1, iliyopita posta kisha ikakabidhiwa dereva wa mizigo, ikikufikia tarehe 13 imekuachia siku 18 tu. Ya barua pepe inafika tarehe 1 ile ile, lakini kama sanduku linafunguliwa mara moja kwa wiki, siku ya kwenda penye mtandao, umeshapoteza siku sita au saba. Kiambatisho kikigoma kufunguka siku hiyo, unasubiri wiki nyingine. Faini ya kuchelewa haijui mtandao ulikuwaje.

Kero ya pili ni ankara moja kufika mara mbili. Msambazaji anaituma kwa barua pepe, kisha anaweka karatasi ndani ya mzigo "kwa uhakika zaidi". Anayefungua barua pepe na anayepokea mzigo si mtu mmoja, kwa hiyo deni moja linaingia kwenye leja mara mbili na linaweza kulipwa mara mbili.

Msimamo wangu ni huu: ubishi wa karatasi au barua pepe unakuja baadaye. Kwanza amua, kwa kila msambazaji, ni hati ipi inayolipiwa, na hati hiyo iingie kwenye rejista moja siku inapofika. Nyingine yoyote igongwe muhuri wa NAKALA.

#2 KaraniWaMizigo

Naunga mkono rejista moja. Niongeze jinsi ya kuipanga, maana rejista mbaya ni sawa na kukosa rejista.

Daftari la kawaida lenye mistari linatosha. Safu ni hizi: tarehe ya kupokea, jina la msambazaji, namba ya ankara, tarehe ya ankara, siku ya mwisho ya kulipa, kiasi, njia iliyofikia (K kwa karatasi, B kwa barua pepe), namba ya hati ya kupokea mzigo, tarehe ya kulipwa. Safu ya siku ya mwisho ijazwe wakati wa kupokea. Ukisema utaihesabu baadaye, hutaihesabu.

Kabla ya kuandika mstari mpya, tafuta mambo matatu kwa pamoja: msambazaji, namba ya ankara, kiasi. Namba peke yake haitoshi, kwa sababu ankara ile ile huandikwa 451 kwenye karatasi, 0451 kwenye PDF na ANK-0451 kwenye stetimenti. Andika namba kama ilivyochapishwa, na sifuri zake na herufi zake zote. Ukifuta sifuri za mbele leo na kuziacha kesho, siku moja utaziona 0451 na 451 kama ankara mbili.

Halafu kuna proforma. Kwenye karatasi watu wengi huitambua. Ikija kama PDF ina nembo ile ile, jedwali lile lile na jumla ile ile, na neno "proforma" limeandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Proforma ni makadirio kabla ya mauzo, haiingii kwenye rejista ya madeni. Stetimenti ya mwezi nayo ni orodha ya ankara ulizokwisha kuzipokea. Ukiilipa kama ankara, umelipa tena.

Jambo ambalo barua pepe imeliharibu kimyakimya ni ulinganishaji. Zamani dereva alikuja na mzigo, hati ya kupokea mzigo na ankara kwa mkono mmoja. Ukihesabu katoni, unalinganisha palepale. Sasa ankara inakwenda kwenye simu, hati ya mzigo inabaki stoo, na oda uliyoagiza iko kwenye daftari jingine. Matokeo yake watu wanalipa kilichoandikwa bila kuangalia kilichofika. Dai mambo mawili kwa msambazaji: kila ankara itaje namba ya hati ya mzigo, na kipimo kiwe kimoja kwenye hati zote. Oda ikisema katoni 10 za vipande 12 na ankara ikisema vipande 120, hesabu inakubali. Ikisema vipande 100, hutajua kama umepunjwa au katoni zimebadilika ukubwa hadi urudi stoo kuhesabu.

#3 BandoDogo

Mkuu MwenyeLeja, hoja ya kiambatisho kugoma naomba ifafanuliwe. Kwa nini ankara ya ukurasa mmoja inashindwa kufunguka wakati ujumbe wenyewe unasomeka vizuri?

#4 FundiMtandao

@BandoDogo, jibu ni uzito, na ankara nyingi ni nzito bila sababu yoyote ya maana.

Ankara iliyotengenezwa moja kwa moja na programu ya hesabu, yaani PDF yenye maandishi halisi, kwa kawaida ni makumi ya kilobaiti. Ankara iliyopigwa picha kwa simu inaweza kufika MB 3 hadi 5. Tena barua pepe haisafirishi kiambatisho kama kilivyo. Hukigeuza kuwa herufi za kawaida kwa mfumo uitwao Base64, na hapo uzito unaongezeka kwa takriban theluthi moja. Faili la MB 5 linakuwa kama MB 6.7. Kwenye mtandao unaotoa kilobiti 100 kwa sekunde, hizo ni dakika 9 hivi za kupakua bila kukatika. Mtandao ukikatika dakika ya 8, programu nyingi za barua pepe huanza upya. Faili la KB 60 kwenye mtandao huo huo linamaliza ndani ya sekunde 7.

Kwa hiyo mwombe msambazaji atume PDF inayotoka kwenye programu yake. Kama anaandika kwa mkono na lazima askani, mipangilio inayofaa ni nyeusi na nyeupe (si rangi, wala si kijivu), dpi 200 (nukta 200 kwa inchi), ukubwa wa A4. Ukurasa wa namna hiyo kwa kawaida hauzidi KB 100 na tarakimu zinasomeka vizuri. Kwa simu tumia programu ya kuskani hati badala ya kamera ya kawaida. Inakata kingo, inanyoosha karatasi na kufuta kivuli, kisha inatoa PDF. Karatasi ya njano au ya waridi ikiskaniwa kwa nyeusi na nyeupe huweza kugeuka doa zito, hapo tumia kijivu.

Upande wa mpokeaji, zima upakuaji wa picha na viambatisho wa moja kwa moja. Vichwa vya barua vikishuka kwanza, unachagua cha kupakua, na bando haliishii kwenye matangazo.

Kuna viambatisho vinavyogoma hata mtandao ukiwa mzuri:

Kikiitwa winmail.dat, programu ya Outlook ya mtumaji imefunga barua kwa mfumo ambao programu nyingine nyingi hazijui kuufungua. Hakuna cha kurekebisha kwako. Mwambie atume tena kwa muundo wa HTML au maandishi ya kawaida.

Kikiishia na .heic, ni picha ya iPhone, na kompyuta nyingi za zamani hazina programu ya kuisoma. Aombwe JPEG au, vizuri zaidi, PDF.

Ukiona viwili, .pdf na .xml, vyenye jina moja, usifute cha pili ukidhani ni taka. Kwenye nchi ambako sheria inataka ankara zisomwe na kompyuta, XML ndiyo yenye data na PDF ni sura yake ya kusomwa na binadamu. Hifadhi zote mbili.

Kibaya kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni barua isiyo na kiambatisho kabisa: "Ankara yako iko tayari, bofya hapa." Inakutaka ufungue tovuti, uweke nenosiri, usubiri namba ya siri ije kwenye simu, na ukurasa wenyewe una uzito wa megabaiti kadhaa. Viungo vingine huisha muda baada ya siku chache. Ukifanikiwa kuingia, pakua PDF siku hiyo hiyo, usitegemee kurudi. Na una haki ya kumwambia msambazaji kwamba kiungo si ankara kwako mpaka aambatanishe hati.

#5 KaratasiKwanza

Nimesoma yote. Lakini tusisahau kwamba karatasi haihitaji chaji wala nenosiri, na mtu yeyote dukani anaweza kuisoma. Tatizo ni kwamba si kila karatasi inadumu.

Ile inayotoka kwenye mashine ndogo za kuchapa kwa joto haina wino. Rangi imo ndani ya karatasi yenyewe na hujitokeza inapopashwa moto. Joto jingine, jua, mafuta ya mikono na mifuko laini ya plastiki huiharibu, ama kwa kufuta maandishi ama kwa kuitia weusi wote. Kuijua ni rahisi: pitisha ukucha kwa nguvu, ukiacha mstari mweusi basi ni hiyo. Itoe kivuli (fotokopi) siku unayoipokea, bana kivuli na asili pamoja, na usiiweke kwenye mfuko wa plastiki wala kuibandika kwa selotepu juu ya maandishi.

Vitabu vya ankara vyenye nakala za rangi, vile visivyotumia kaboni, navyo vina masharti. Karatasi ya juu ina vidonge vidogo sana vya rangi mgongoni, vinavyopasuka kwa shinikizo la kalamu na kukutana na mpako wa karatasi ya chini. Tumia kalamu ya kawaida ya kubonyeza na mezani pagumu, maana kalamu ya jeli haina nguvu ya kufikia nakala ya tatu. Lile jalada gumu la kutenganisha seti lazima liwekwe chini ya nakala ya mwisho ya seti unayoandika. Likisahauliwa, maandishi yanapenya hadi ankara inayofuata, na mteja wa pili anapata karatasi yenye kivuli cha bei za mteja wa kwanza. Usipange vitu vizito juu ya vitabu vipya, vidonge hupasuka na nakala hujaa madoa kabla hujaandika.

Kuhusu kuhifadhi: rimu ya karatasi 500 za gramu 80 ina unene wa sentimita 5 hivi, kwa hiyo faili pana la kawaida linabeba karibu hiyo. Liweke kwenye rafu, mbali na sakafu na ukuta wa nje, kwa sababu unyevu huanzia huko. Pini za stepla hupata kutu na kula karatasi. Kwa hati za miaka mingi, toboa na uzi au klipu za plastiki ni bora.

#6 MlinziWaSanduku

Naomba tuzungumzie wizi, maana hapa ndipo biashara ndogo inaweza kufilisika kwa siku moja.

Njia ni hii. Mwizi anaingia kwenye sanduku la barua pepe la msambazaji, au lako, na kukaa kimya akisoma. Anasubiri ankara kubwa. Kisha anatuma ile ile, nembo ile ile, kiasi kile kile, ila namba ya akaunti ni yake, na maelezo mafupi: "Tumebadilisha benki." Barua inaweza kutoka kwenye anwani halisi kabisa. Au inatoka kwenye inayofanana, kwa mfano herufi r na n zimewekwa pamoja zionekane kama m.

Kinga ni moja na haina gharama kubwa. Mabadiliko yoyote ya akaunti yathibitishwe kwa simu, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, iliyo kwenye hati ya mzigo ya miezi iliyopita. Usipige namba iliyo kwenye barua hiyo. Na unapopiga, usimsomee akaunti ili aseme "ndiyo". Mwache yeye akusomee, wewe ulinganishe. Pembeni ya rejista weka ukurasa wa akaunti za wasambazaji ulioandikwa kwa mkono. Kila malipo yalinganishwe na ukurasa huo, si na ankara.

Kwa wanaotumia IBAN, yaani namba ya kimataifa ya akaunti ya benki: tarakimu mbili za kuhakiki baada ya herufi za nchi hugundua kosa la kuandika. Hazigundui mwizi, kwa sababu akaunti yake nayo ni halali kihesabu.

Kama fedha zimeshatoka, pigia benki yako saa hiyo hiyo uombe zizuiwe au zirudishwe. Usifute ile barua, na ukiombwa uitume kwa uchunguzi, ihifadhi kama faili kamili. Ukiisambaza kwa kawaida tu, vichwa vyake vinavyoonyesha ilikopitia vinapotea.

#7 BandoDogo

Asante sana @FundiMtandao. Swali jingine: msambazaji anaapa ametuma, sandukuni hakuna kitu. Nani mwenye kosa?

#8 FundiMtandao

Mwombe vitu viwili: anwani aliyotumia, herufi kwa herufi, na kama alipata ujumbe wa kurudishwa. Ujumbe huo ukija na namba inayoanza na 5, kwa mfano 550, seva imekataa moja kwa moja, mara nyingi anwani haipo. Inayoanza na 4 ni kizuizi cha muda. Seva ya mtumaji huendelea kujaribu, na kwa kanuni za barua pepe inaweza kujaribu kwa siku nne au tano kabla ya kukata tamaa. Maana yake mtumaji anaweza kuamini imefika siku zote hizo.

Kwa upande wako angalia hivi, kwa mpangilio huu:

Folda ya spamu kwanza. Gmail hufuta vilivyomo baada ya siku 30, kwa hiyo ipitiwe kila unapofungua sanduku.

Nafasi. Akaunti ya bure ya Gmail ina GB 15, na nafasi hiyo inagawanywa na picha na faili za Drive. Picha za familia kwenye simu zinaweza kuzuia ankara za biashara. Ikijaa, barua mpya hazipokelewi. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuwa na anwani ya ankara peke yake, isiyounganishwa na simu ya mtu binafsi.

POP au IMAP, yaani njia mbili za kifaa kuchukua barua kwenye seva. Kama kompyuta ya ofisi inatumia POP, inaweza kupakua barua na kuzifuta kwenye seva. Aliye na simu ataona sanduku tupu na kusema hakuna kilichokuja, kumbe kiko kwenye kompyuta. Tumia IMAP kwenye vifaa vyote, au angalau weka tiki kwenye "acha nakala kwenye seva".

Wanaotuma ankara zao wenyewe kwa kikoa cha biashara, yaani jina lenu baada ya alama ya @, wahakikishe aliyewaandalia ameweka SPF, DKIM na DMARC. Ni rekodi za kikoa: SPF hutaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina hilo, DKIM huwezesha kuhakiki sahihi ya kidijitali ya barua, na DMARC hueleza la kufanya barua ikishindwa ukaguzi. Tangu Februari 2024 Gmail inataka kila mtumaji awe na SPF au DKIM angalau. Programu ya hesabu mpya ikianza kutuma ankara kwa jina lenu bila kuongezwa kwenye rekodi hizo, ankara zitaishia kwenye spamu za wateja na mtadhani wateja hawataki kulipa.

#9 KaratasiKwanza

Na wanaopokea kwa barua pepe kisha wanachapa kila kitu, wajue kwamba gharama ya karatasi imehamishiwa kwao. Printa ya wino isiyotumika wiki mbili tatu, matundu yake hukauka, na kuyasafisha kunakula wino uleule. Kwa anayechapa mara chache printa ya leza inafaa zaidi, tona ni unga, haikauki. Idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi la tona au wino huhesabiwa kwa ukurasa uliofunikwa asilimia 5 tu. Ankara yenye bango la rangi juu na chini inapita hapo mara kadhaa. Chapa kwa kijivu, na ukurasa wa kwanza tu kama wa pili ni masharti yale yale ya kila mara.

#10 MwenyeLeja

Nimeshukuru, wakuu. Kwa anayetaka kuanza, huu ni ujumbe wa kumpelekea kila msambazaji. Ubadilishwe inavyofaa:

"Kuanzia tarehe 1 ya mwezi ujao, tafadhali tumeni ankara zetu kwa njia moja tu: PDF iliyoambatanishwa, isiyozidi KB 200, kwa anwani ya ankara tuliyowapa. Kichwa cha barua kiwe na neno ANKARA, namba yake na jumla. Ndani itajwe namba ya oda yetu na namba ya hati ya mzigo. Karatasi itakayokuja na mzigo iwe hati ya mzigo peke yake, bila ankara. Siku za malipo zihesabiwe tangu siku barua pepe ilipotumwa. Mabadiliko ya akaunti ya benki hatutayafuata kabla ya kuwapigia kwa namba tuliyonayo."

Anayetaka karatasi ageuze: ankara ije na dereva ndani ya bahasha, isainiwe na kuandikwa tarehe mbele yake, na siku zihesabiwe tangu sahihi hiyo. Sentensi ya siku za malipo ndiyo wasambazaji watakayobishania zaidi. Msiiondoe haraka, hata wakikubali nusu, mmepata siku kadhaa.

Faili zipewe jina linaloanza na mwaka: 2025-03-14_jina-la-msambazaji_0451.pdf. Kompyuta itazipanga kwa tarehe yenyewe. Kila mwisho wa mwezi nakili folda kwenye flashi mbili, moja ikae jengo jingine.

#11 KaraniWaMizigo

Nyongeza kwenye hilo la mwisho wa mwezi. Stetimenti ikifika, pitia mstari kwa mstari na rejista. Usibabaike ukiona namba za msambazaji zinaruka kutoka 0448 hadi 0451, zilizo katikati ni za wateja wengine. Kinachotafutwa ni namba iliyo kwenye stetimenti na haimo kwenye rejista. Hiyo iombwe siku hiyo hiyo, na ikifika iandikwe kwa tarehe halisi ya kupokelewa, si ya nyuma.

Kwa ankara mnazotoa ninyi ni kinyume chake. Hizo zikiruka hata namba moja, tafuteni. Iliyoharibika ipigwe mistari miwili na kuandikwa IMEFUTWA, nakala zake zote zibaki kitabuni. Na kama mnaandika kwa kitabu na pia kwa programu, kila kimoja kiwe na mfululizo wake, K mbele ya namba za kitabu na P mbele ya za programu, ili 0120 ya kitabu isigongane na 0120 ya kompyuta.